Nani Atamshika Mtoto Nipate Kuswali?



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Wiki hii tunajibu barua iliyotufikia kutoka Hewani, kijiji cha wakulima kilichoko katika bonde la mto Tana, upande wa Garsen. Aliyeandika ni mama wa watoto wanne. Mtoto wake wa tatu, mvulana wa miaka mitano, hawezi kukaa bila kuegemezwa, maneno yake hayafahamiki ila na mamake na dadake mkubwa, na mpaka leo yumo katika mawinda. Hospitalini mama ameelezwa kuwa mtoto ana mtindio wa ubongo.

Mama huyu haulizi dawa. Anaeleza siku yake kwa ufupi. Huamka kabla ya Alfajiri kumgeuza mtoto na kumwosha. Humlisha kwa muda wa karibu saa nzima. Humfunga mgongoni kwa leso akaenda naye shambani, akamlaza chini ya mwembe huku yeye analima. Hurudi akapika, akamwosha tena, akamlisha tena. Na usiku huamka mara tatu au nne. Kisha anauliza mambo mawili. La kwanza ni swala zake: nguo zake hazikai na tohara, Adhuhuri humsogea mpaka ukingoni mwa Alasiri, na Magharibi mara nyingine humpita kabisa. Je, anaandikiwa dhambi? La pili, baadhi ya jamaa husema kwamba mtoto kama huyu ni adhabu ya jambo walilolitenda wazazi wake, na kwamba wageni wakija ni vyema abaki chumba cha ndani. Je, hayo yana asili katika dini?

Baba wa mtoto ametajwa mara moja tu katika barua nzima. Amesifiwa, na ni sifa njema, kwamba hakosi swala ya jamaa msikitini. Tutarudi kwake.

Ama swala, mwanangu, haiondoki shingoni mwa mtu mwenye akili timamu, lakini aliyeifaradhisha ndiye aliyeiwekea wepesi. Yako mambo manne ya kuyajua.

Kwanza, mkojo wa mtoto ukikurukia hautengui udhu wako. Unaosha pale palipoingia najisi, basi. Kinachotengua, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni kugusa utupu kwa kitanga cha mkono bila kizuizi, hata ukiwa utupu wa mtoto. Kwa hiyo mwoshe mwanao kwa kitambaa au kwa mfuko uliouvaa mkononi, nawe utabaki na udhu wako. Akina mama wengi huchukua udhu upya mara kumi kwa siku kwa kutojua tofauti hii.

Pili, weka nguo moja ya swala, itundikwe mahali pake, isimbebe mtoto wala isiingie jikoni. Saa ya swala ikifika unaosha mwili penye haja na kuivaa. Usingoje mpaka nguo zako zote ziwe safi, kwani katika hali yako siku hiyo haiji upesi.

Tatu, mtoto akiwa safi na analia, mbebe uswali naye. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akirukuu na kusujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Akiwa amejisaidia, mlaze kando yako unapomwona, uswali swala fupi iliyotimiza nguzo zake. Swala fupi ndani ya wakati wake inatosha na ina baraka.

Nne, siku zikiwa nzito mno, mtoto ana homa au ameshikwa na kifafa, iko nafasi ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, bila ya kupunguza rakaa. Mashuhuri katika madhehebu yetu ni kukusanya kwa safari na kwa mvua, lakini wapo katika wanazuoni wa Kishafi walioruhusu kwa maradhi. Na wanazuoni wa Kihanbali wamemtaja waziwazi mama anyonyeshaye ambaye ni mashaka kwake kujitoharisha kwa kila swala. Hali yako ni ndugu ya hali hiyo. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikusanya swala akiwa Madina pasipo hofu wala mvua, na alipoulizwa sababu alisema kuwa alikusudia kutoutia umma wake katika uzito. Lisiwe jambo la kila siku, lakini siku ya dhiki lichukue bila ya wasiwasi. Zile zilizokwisha kukupita, zilipe moja moja kadiri uwezavyo.

Hilo ndilo jibu la swali lililoulizwa. Lakini ndani yake limo swali jingine ambalo mama huyu kwa adabu yake hakulitamka, nalo halimhusu yeye. Nyumba ina watu wazima wawili. Adhana inapolia, mmoja huchukua kofia yake akatoka, na mwingine hubaki na mtoto mikononi mpaka wakati unakwisha. Nani atamshika mtoto?

Ndugu yangu baba wa mtoto, swala ya jamaa ina daraja kubwa, wala sikuambii uiache. Nakukumbusha hesabu iliyo wazi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, jamaa ni faradhi ya kutoshelezana, wakisimama baadhi inawaondokea wengine. Swala ya mkeo ndani ya wakati wake ni faradhi ya shingo yake mwenyewe, hapana wa kumwondolea. Na baina ya adhana na ikama pana dakika za kutosha. Adhana ikilia, wakati umekwisha kuingia. Mshike mtoto wewe, mkeo avae ile nguo yake iliyotundikwa, aswali; akitoa salamu umkabidhi mtoto, nawe uende ukaipate ikama. Hapana aliyekosa kitu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ikifika swala hutoka kwenda kuswali. Kilichotangulia ni huduma, kisha akatoka.

Usiku nao ugawanywe. Akiamka mama mara mbili, baba aamke mara mbili. Kumgeuza mtoto ubavu saa nane za usiku hakuhitaji maziwa ya mama.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Kwamba mtoto ni adhabu ya wazazi, hilo halina asili. Qur'ani imetufundisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Vipi basi mtoto abebeshwe ya mamake kabla hajazaliwa? Na aliyepewa mtihani si lazima awe ameghadhibikiwa. Nabii Ayubu (A.S.) alipatwa mwilini mwake na katika watu wake, naye alikuwa miongoni mwa wapenzi wa Allah. Amehadithia Ibn Abbas kwamba mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akianguka kifafa alimwendea Mtume (S.A.W.) amwombee dua. Akahiarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunukwa na nguo anapoanguka, naye akaombewa hilo. Hakuambiwa ametenda nini, wala hakufichwa. Ibn Abbas alikuwa akimwonyesha kwa watu kuwa huyo ni mwanamke wa Peponi.

Watu wa tiba nao wanaeleza jambo lisilogongana na imani hata kidogo. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo wa mtoto kudhurika au kutokua sawasawa, akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Pengine alizaliwa kabla ya siku zake, pengine alichelewa kuvuta pumzi, pengine alipatwa na manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi. Hauna dawa ya kuuondoa, lakini una mazoezi na malezi yanayomfanya mtoto aweze leo asichokiweza jana. Anayekuahidi kuuondoa kwa kuku mweusi na uvumba anauza asichokuwa nacho. Msomee mwanao Fatiha na Muawidhatayni usiku na mchana, kisha umpeleke kwenye tiba ya viungo, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Ama kumficha wageni wakija, nawaomba jamaa waisome Suratun-Nur, aya ya 61. Aya hiyo inawataja kipofu, kiguru na mgonjwa, na kuondoa ubaya katika kula majumbani. Na katika maelezo ya wafasiri imo kwamba walikuwapo watu walioona uzito kula sinia moja na wenye maradhi, na wenye maradhi wenyewe wakijitenga kwa haya. Uzito huo ukaondolewa. Basi sinia ikiandaliwa, mtoto awe pale pale mkekani, ameegemezwa, anawaona wageni nao wanamwona.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema kuwa hawamshiki mtoto wa namna hii kwa sababu wanaogopa kumuumiza. Naamini ni kweli. Wengi hukaa mbali kwa kutojua, wala si kwa ukatili. Basi shangazi, nyanya, mjomba na jirani wajifunze mambo matatu.

La kwanza ni kumlisha. Asilishwe amelala chali, wala kichwa kisirudishwe nyuma, kwani chakula huingia njia ya pumzi na kumletea maradhi ya kifua yanayoweza kumuua. Akalishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Kijiko kiwe kidogo, uji uwe mzito, ndizi na wali vipondwe, samaki atolewe miiba yote. Ameze kwanza ndipo aongezwe. Aliyemlisha haraka hakumlisha.

La pili ni kumkalisha na kumgeuza. Mtoto asiyejigeuza hupata vidonda, na viungo visivyonyooshwa hukaza mpaka vikakataa. Asikae hali moja siku nzima. Seremala wa kijijini anaweza kumtengenezea kiti cha pembe, chenye mgongo mrefu, mkanda wa kitambaa na meza ndogo mbele, kwa vipimo vya mwili wake. Aliye mtaalamu wa viungo aonyeshe vipimo hivyo. Kiti hicho humpa mama mikono yake miwili, na humpa mtoto uso wa dunia badala ya dari.

La tatu ni kifafa, ambacho wengi katika watoto hawa hukipata. Akishikwa, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane viungo. Likipita dakika tano halijakoma, au likirudi kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali. Na dawa aliyoandikiwa isikatwe kwa sababu amekaa mwezi mzima hajaanguka. Amekaa salama kwa sababu ya hiyo dawa.

Nina neno pia juu ya dadake, yule anayefahamu maneno yake. Barua haikusema ana umri gani wala anasoma wapi. Lakini tunajua mwendo wa vijiji vyetu: mama akizidiwa, binti mkubwa huachishwa skuli ili amlinde ndugu. Sheria ya elimu ya msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imeifanya elimu kuwa haki ya kila mtoto na wajibu kwa mzazi, na dini ilitangulia kututaka tufanye uadilifu baina ya watoto. Msaada wake kwa ndugu yake uwe wa jioni, baada ya masomo, nao uwe wa mapenzi. Tusitibu udhaifu wa mtoto mmoja kwa kumdhoofisha mwingine.

Na mvulana mwenyewe anasoma? Kutosema si kutofahamu. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo husikia na kuelewa yote yanayosemwa mbele yao, pamoja na yale maneno ya adhabu. Kalamu huinuliwa kwa asiye na akili. Aliye na akili katika mwili mzito atafikiwa na faradhi kama mwenziwe, kila moja kwa kadiri ya uwezo wake. Walimu wenzangu wa madrasa, mwekeni ndani ya duara asikie herufi na sura fupi, akijibu kwa macho ni jibu. Tunakijua kisa cha Ibn Ummi Maktum, kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura Abasa, na ambaye baadaye akawa muadhini wa Mtume (S.A.W.). Chuoni mwetu asigeuziwe uso mtu aliyekuja kujifunza.

Kwa upande wa serikali, ziko haki ambazo wengi hawazifuati. Vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu vimekuwapo nchini tangu mwaka 1984. Hapo ndipo huamuliwa mtoto asome wapi na kwa namna gani. Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu husajili na kutoa kadi, baada ya mtoto kukaguliwa na madaktari wa hospitali ya serikali. Na mpango wa Inua Jamii una fungu la shilingi 2,000 kwa mwezi kwa jamaa wenye kulea mtu mwenye ulemavu mkubwa, wanapoandikishwa na kukubaliwa. Si fedha nyingi, lakini ni nauli ya kliniki na sabuni ya mawinda. Safari ya kuzifuata haki hizi, kutoka Hewani mpaka Garsen na kwingineko, aifunge baba kibwebwe. Yeye hana mtoto mgongoni.

Naye baba ajue kwamba nafaka ya mtoto huyu haikomi kwa kubaleghe. Fakiri asiyeweza kuchuma kwa udhaifu wa mwili hubaki katika nafaka ya babake mwenye uwezo. Na katika mirathi fungu lake ni fungu kamili la mtoto wa kiume, halipungui hata kidogo. Ikigawanywa ardhi ya ukingo wa mto, asije ndugu akasema huyu atalimaje. Sehemu yake ishikwe kwa amana, alishwe na kuvishwa kwayo, na aambiwe maneno mema, kama tulivyoamrishwa katika Suratun-Nisaa.

Limebaki jambo la mto. Watu wa Hewani hawahitaji kufundishwa na mtu kuhusu mafuriko. Waliyaona mwaka 1997, wakayaona mwaka 2018, na tena mwaka 2023 na 2024. Maji yakiingia usiku, kila mwenye miguu huitegemea miguu yake. Asiye na miguu ya kukimbia humtegemea nani? Hili halifai kuamuliwa maji yakiwa mlangoni. Kamati ya msikiti ikae sasa, wakati nchi ni kavu, iandike kila nyumba yenye mtu asiyeweza kutembea: mtoto, mzee, mgonjwa. Mbele ya kila jina liandikwe jina la kijana mmoja atakayembeba, na la wa pili iwapo wa kwanza hayupo. Mtumbwi wa kwanza uwe wao. Kadi ya mtoto na dawa zake za kifafa zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na zitundikwe karibu na mlango. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba tunanusuriwa na kuruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wetu. Kijiji kinachomwacha mnyonge wake nyuma kinaiacha nyuma riziki yake.

Mwanangu, umeuliza kama unaandikiwa dhambi. Kila uji uliompa kwa subira, kila winda ulilofua na kila usiku uliokatika, tunataraji kwa Allah kuwa ni ibada uliyoandikiwa. Lakini ujira wako usiwe udhuru wa wengine kukaa. Ukimaliza kuisoma safu hii, mpe baba watoto aisome. Kisha adhana ijayo ikilia, mpe mtoto mikononi.

Ewe Mola wetu, mpe mtoto huyu afya kwa kadiri uliyomwandikia, umpe mamake nguvu na babake moyo mwepesi, na uijaalie nyumba yao utulivu na rehema. Waangalie watoto wote walio katika hali yake, bara na pwani, na utuamshe sisi majirani zao kabla hatujaulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.